Vyuma Kila Siku: Je, Misuli Inakua Lini?

Somo letu la leo ni kunyanyua vyuma.

Ukipita jioni katika mitaa ya Singida mjini, au ukifika Manyoni, Ikungi au Kiomboi, hutakosa kuona uwanja wa nyuma ya nyumba wenye chuma cha kutengeneza wenyewe: bomba limechomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Hapo ndipo jimu. Vijana wanapokezana, mmoja ananyanyua, wengine wanahesabu.

Na swali linaloulizwa sana katika viwanja hivyo ni hili. Kijana anapiga tizi la mwili mzima kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, zoezi lile lile, uzito ule ule. Miezi miwili ya kwanza alitanuka, marafiki wakamsifia. Sasa haongezeki. Asubuhi anaamka amechoka na bega la kulia linauma. Anauliza: niongeze bidii au nifanyeje?

Jibu fupi ni kwamba hana upungufu wa bidii. Ana upungufu wa vitu viwili: mapumziko na mabadiliko. Sasa tuvitazame kimoja kimoja.

Kwanza, hongera

Kabla ya kukosoa, tupongezane. Kunyanyua uzito ni zoezi zuri. Hujenga misuli, huimarisha mifupa, husaidia mwili kutumia sukari vizuri na huchangamsha akili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wauchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa yawemo angalau siku 3 kwa wiki. Kwa watu wazima, mazoezi ya misuli yote mikubwa yafanywe siku 2 au zaidi kwa wiki.

Umeona? Kutembea, kukimbia na kucheza vinaruhusiwa kila siku. Lakini kwa mazoezi ya nguvu wanataja siku 2 au 3 kama kiwango cha kuanzia. Hawakusema lazima iwe siku 7.

Misuli inakua lini?

Wengi tunadhani misuli inakua pale pale unapokuwa umeshika chuma, kwa sababu ndipo unapoiona imevimba. Ule uvimbe ni damu iliyojaa kwenye misuli kwa muda. Ukishaoga na kula, umekwisha.

Ukweli ni huu. Unaponyanyua kitu kizito, misuli inapata ujumbe: "Kazi hii ni kubwa, jiimarishe." Wakati huo huo nyuzi zake zinachoka, na nyingine zinaumia kidogo. Baada ya hapo mwili unaanza kukarabati na kuongeza. Unachukua protini kutoka kwenye chakula na kuijenga kwenye nyuzi hizo. Kazi hii ya ujenzi huwa juu kuliko kawaida kwa muda wa saa 24 hadi 48 baada ya zoezi zito. Yaani ukipiga vyuma Jumatatu jioni, mafundi bado wako kazini Jumanne, na huenda mpaka Jumatano.

Ukirudi Jumanne jioni ukaigonga misuli ile ile kwa uzito ule ule, unawakuta mafundi hawajamaliza. Ni kama kumpigia fundi plasta kabla haijakauka. Siku moja hutaona tatizo. Ukifanya hivyo wiki baada ya wiki, uchovu unajilimbikiza na nguvu inashuka badala ya kupanda.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Misuli huwahi kupata nguvu, lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazoifunga misuli kwenye mfupa, huenda polepole zaidi. Kwa hiyo unaweza kujisikia una nguvu za kutosha huku kano za bega au goti bado ziko nyuma. Ndiyo maana maumivu ya kupiga vyuma kila siku mara nyingi huanzia kwenye bega, kiwiko na goti.

Kwa nini zoezi lile lile linakukwamisha?

Mwili una akili. Ukiupa kazi mpya, unajiimarisha mpaka uimudu kazi hiyo. Ukishaimudu, unaacha kujiongeza, kwa sababu hakuna sababu ya kujiongeza. Kama chuma chako ni kilo 20 tangu Januari mpaka Desemba, na unanyanyua mara 30 kila siku, mwili ulishazoea zamani. Unachoka bure.

Jambo hili lilielezwa vizuri na daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa na askari wengi walioumia magoti, na miguu yao ilikuwa imesinyaa. Akawapa mazoezi ya uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, na mwaka 1945 akaandika matokeo yake. Mwanzoni aliwafanyisha raundi 7 hadi 10, kila raundi kunyanyua mara 10. Lakini mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins waliandika kwamba raundi hizo zilikuwa nyingi mno, wakapunguza mpaka raundi 3. Raundi 3 za mara 10 unazozisikia kwenye majimu mpaka leo zilienea kutokana na kazi yao.

Hapo tunapata funzo: punguza wingi, ongeza uzito kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, kila siku ni marufuku kabisa?

Hapana, tusitishane. Mazoezi mepesi unaweza kufanya kila siku. Pushapu chache asubuhi, kunyoosha viungo, kukimbia polepole, hakuna noma. Hata vyuma unaweza kuvishika siku nyingi kwa wiki kama kazi umeigawa, leo miguu, kesho kifua na mgongo, au leo nzito kesho nyepesi. Jumla ya kazi unayofanya kwa wiki ndiyo yenye uzito zaidi kuliko idadi ya siku.

Kinachokatazwa ni kupiga mwili mzima, kwa uzito mkubwa, mpaka uchoke kabisa, kila siku bila kupumzika.

Usisahau: kazi nayo ni tizi

Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa ofisini kutwa. Kijana wa Singida maisha yake ni mengine. Asubuhi amelima au amepakia magunia ya alizeti kwenye lori. Mwenzake amepakua vitunguu sokoni au amefyatua matofali. Dada amebeba ndoo ya lita 20 kichwani, na kwa kuwa lita 1 ya maji ni kilo 1, hizo ni kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe.

Mgongo wako hautofautishi gunia na chuma. Wote ni mzigo. Kwa hiyo siku uliyopakia magunia, hesabu kwamba umeshafanya zoezi la miguu na mgongo. Jioni hiyo nyoosha viungo, kula, lala.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa, vijana wenzangu. Kwa mtu anayeishi kwa nguvu zake, bega au kiuno ndiyo mtaji. Likiharibika bega kwa ajili ya kutafuta kifua cha kupigia picha, gunia hutabeba na jembe hutashika kwa wiki nyingi. Nani atalipa kodi ya chumba? Nani atamnunulia mdogo wako madaftari?

Dalili kwamba umepitiliza

Misuli kuuma kidogo siku 1 hadi 3 baada ya zoezi jipya ni kawaida, na huisha yenyewe. Lakini ukiona haya yafuatayo, punguza au pumzika wiki nzima:

- Uzito uliokuwa unaumudu sasa unakushinda.
- Usingizi unakatika, hamu ya kula imepungua, unakasirika ovyo.
- Mapigo ya moyo yamepanda. Yahesabu kwenye kifundo cha mkono kwa dakika 1 unapoamka, kabla ya kutoka kitandani. Yakiwa juu waziwazi kuliko kawaida yako kwa siku kadhaa, mwili haujapumzika.
- Kiungo kinauma mahali pale pale kila ukinyanyua.

Na haya hapa usisubiri, nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo:

- Mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, huku misuli imevimba na inauma sana. Misuli ikivunjika kupita kiasi, vitu vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu na vinaweza kuharibu figo. Usikisie nyumbani kwamba ni kichocho au ni joto. Wacha wapime.
- Maumivu ya kifua, kuzimia, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida.
- Ganzi au udhaifu wa ghafla kwenye mkono au mguu.

Kama una ugonjwa wa selimundu, au umeambiwa umerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja, ongea na mtaalamu wa afya kabla ya kuanza mazoezi mazito. Hatari ya misuli kuvunjika ni kubwa zaidi kwako, hasa kwenye joto na ukiwa na kiu.

Tena, usimeze vidonge vya maumivu kama diklofenaki ili uendelee kunyanyua. Maumivu ni kengele. Ukiizima kengele moto bado unawaka, na vidonge hivyo vikichanganyika na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuumiza figo.

Ratiba ya wiki, bila hela

Huna jimu? Usijali. Tafuta madumu. Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5. Dumu la lita 10 ni kilo 10. Kumbuka kwamba maji yakiwa nusu, dumu linayumba na linaweza kukuteguza. Ukitaka lisiyumbe, jaza mchanga mkavu, kisha lipime kwenye mizani ya duka au ya mnunuzi wa mazao, kwa sababu mchanga ni mzito kuliko maji. Na kama unatumia makopo ya zege, hakikisha pande zote mbili zina uzito sawa.

Mazoezi ni matano tu:

1. Kuchuchumaa na kuinuka, umekumbatia dumu kifuani. Hili ni la miguu.
2. Pushapu. Hili ni la kifua na mikono. Kama ni ngumu, anza kwa kuegemea ukuta au benchi.
3. Kuvuta dumu. Inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeshika benchi, mwingine uvute dumu mpaka kiunoni, halafu badilisha mkono. Hili ni la mgongo.
4. Kusukuma dumu dogo kutoka begani mpaka juu. Hili ni la mabega.
5. Ubao. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke, kaa sekunde 20 hadi 40. Hili ni la tumbo.

Kwanza pasha mwili moto kwa dakika 5 hadi 10 kwa kutembea haraka au kuruka kamba. Kisha fanya raundi 2 au 3, kila raundi mara 8 hadi 12. Pumzika dakika 1 hadi 2 kati ya raundi. Acha wakati bado unaweza kunyanyua mara 1 au 2 zaidi kwa mkao mzuri.

Wiki iende hivi:

- Jumatatu: mazoezi yote, raundi 3.
- Jumanne: mwendo wa haraka au mpira, bila vyuma.
- Jumatano: mazoezi yote, raundi 2, uzito mdogo kuliko Jumatatu.
- Alhamisi: kunyoosha viungo tu.
- Ijumaa: mazoezi yote, raundi 3.
- Jumamosi: mchezo unaoupenda.
- Jumapili: pumzika.

Ukifikisha mara 12 katika raundi zote 3 bila kuharibu mkao, ongeza kilo 1, rudi kwenye mara 8, uanze kupanda tena. Kwa pushapu huongezi kilo: shusha mwili polepole zaidi, au weka miguu juu ya tofali. Andika kwenye daftari tarehe, uzito na idadi. Bila daftari utakuwa unabahatisha. Kila baada ya wiki 6 hivi, chukua wiki moja ya kufanya nusu ya kazi.

Chakula na usingizi

Mafundi hawajengi bila matofali. Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji protini takriban gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kijana wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 72 na 96.

Usidhani mpaka ununue kopo la unga wa jimu. Mayai 2 yana gramu 12 hivi. Bakuli la dengu au maharage yaliyopikwa lina kama gramu 15, na ukila mchana na jioni ni 30. Kikombe kikubwa cha maziwa ni gramu 8. Konzi ya karanga ni kama gramu 7. Ugali wa mtama au uwele nao una protini: unga gramu 300 kwa siku unakupa kama gramu 30. Jumlisha: umefika 87. Siku ya kuku wa kienyeji, ambaye Singida tunasifika kwa ajili yake, unavuka kirahisi. Mlenda nao usiudharau, majani yana vitamini na madini.

Kunywa maji kabla na baada ya tizi, hasa miezi ya joto na vumbi. Na lala. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, wakubwa saa 7 au zaidi. Kukesha kwenye simu halafu kuamka saa 11 alfajiri kupiga vyuma ni kujidanganya.

Maneno ya kijiweni

*"Msichana akibeba vyuma atakuwa kama mwanaume."* Si kweli. Wasichana wana homoni ya kiume kidogo sana ukilinganisha na wavulana, kwa hiyo hupata nguvu na mifupa imara bila kutanuka kama baunsa. Dada, karibu uwanjani.

*"Vyuma vinadumaza."* Mazoezi ya uzito unaoumudu, kwa mkao sahihi na chini ya usimamizi, hayazuii kijana kurefuka. Hatari ni kushindana kunyanyua uzito wa kupindukia na kuumia.

*"Bila maumivu makali hakuna faida."* Jasho sawa, uchovu sawa. Maumivu makali ya kiungo ni onyo.

*"Kuna sindano inakujaza mwezi mmoja."* Zipo dawa za homoni zinazouzwa kimyakimya. Zinaweza kusinyaza korodani, kupunguza mbegu, kuota matiti kwa wanaume, kuumiza ini na moyo. Kwa kijana anayekua zinaweza kufunga mifupa mapema asirefuke tena. Na kuchangia sindano kunaleta Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mtu akikuletea, kataa.

Mwili ni wa miaka mingi

Watu wa Singida tuna mfano wa karibu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu, alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia London mwaka 2017. Medali ya dhahabu aliipata Tokyo, Septemba 2025, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka 8. Mkimbiaji wa marathoni hakimbii kwa kasi ya mashindano kila siku. Ana siku ngumu na siku nyepesi, la sivyo miguu isingefika miaka hiyo.

Basi na wewe uliyeuliza kama uongeze bidii, wiki hii weka chuma chini siku 4. Hujawa mvivu. Bega likiendelea kuuma baada ya wiki 2, nenda ukaonwe kituo cha afya.

Jipime

1. Misuli hujengwa zaidi wakati gani: ukiwa unanyanyua, au saa 24 hadi 48 baadaye?
2. Leo umepakia magunia kutwa, na ratiba inasema vyuma. Utafanya nini?
3. Umefikisha mara 12 kwa raundi zote 3. Hatua inayofuata ni ipi?
4. Rafiki yako anakojoa mkojo wa rangi ya chai baada ya tizi zito. Utamwambia nini?

Majibu: 1. Baadaye, ukipumzika na kula. 2. Nyoosha viungo, kula, lala. Vyuma mpaka kesho kutwa. 3. Ongeza kilo 1, rudi mara 8. 4. Hospitali leo hii, na umsindikize.